Flashi Zote za Kilindoni

Kompyuta ya Linux ya kikundi chetu cha kulinda kasa ilinikera, maana kila flashi yetu ya video ya kasa ikichomekwa ilipewa jina jipya. Nikaiandikia amri: flashi ya aina yetu ikiingia tu, iitwe "Kasa" na video yake ianze kucheza.

"Mzee, haikosei tena," nikamtambia mkuu wangu.

Msomi mzima, mhoji wa kila kitu, sikukumbuka kwamba kisiwani sote tunanunua flashi duka moja la Kilindoni, za aina moja.

Siku ya kuwaomba wavuvi wa Kiegeani watuachie ufuko wanakotaga kasa, mkuu akachomeka flashi yake yenye hotuba. Projekta ikaandika ukutani: KASA. Kisha kwenye video akatokea mkuu mwenyewe, kajifunga khanga, anakata kiuno harusini kwa bintiye.

Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na huyu anataga wapi?"