Silinda ya Tatu

Kwa miaka kumi sasa mashine ya kusaga ya kijiji chetu imekuwa na pengo katika mlio wake. Mgeni aliyeisikia kwa mara ya kwanza alidhani ni mbovu. Ilipiga mara tatu, ikaruka, ikapiga mara tatu tena, kama mtu anayechechemea huku akiwahi nyumbani kabla ya mvua. Sisi tulishaizoea. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka sabini na sita hawakujua kwamba injini inaweza kulia namna nyingine. Waliojua vizuri pengo lile lilitoka wapi walikuwa wachache, na aliyejua kuliko wote, Fundi Naftali Mughwai, tulimzika mwezi Juni.

Alipokuwa hai aliniomba nisiseme jambo moja. Sikusema. Nadhani sasa naweza.

Naftali alizaliwa upande wa Ikungi, akachunga ng'ombe za baba yake mpaka vita ya Hitla ilipomchukua na kumpeleka Nairobi, kwenye kiwanja cha ndege. Kazi yake ilikuwa kufagia karakana. Huko fundi mmoja Mwingereza alimweleza kwamba ziko ndege zinazopewa gesi zikitaka kupanda haraka, na kwamba ni gesi ileile ambayo madaktari huwalazia wagonjwa usingizi. Naftali alidhani anachezewa, kama wageni wa kazi wanavyochezewa.

"Niliona ni uongo wa kizungu," aliniambia miaka mingi baadaye. "Gesi inayolaza watu iamshe injini?"

Vita ilipokwisha alirudi, akaajiriwa Manyoni na Singasinga mmoja mwenye kiwanda cha mbao, Bwana Gurdev, aliyependa mashindano ya magari kuliko mbao zake. Gari lake lilikuwa Pijo 403 lenye kabureta mbili. Kila mwaka wenye magari walishindana kupanda mlima wa Kilimatinde, kilomita nane za kona na changarawe, kutoka daraja la chini mpaka juu. Bwana Gurdev aliendesha. Naftali alikaa kiti cha pembeni na spana mapajani. Muda wa Bwana Gurdev, dakika sita na nusu, uliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao ofisini, na juu yake jina lake. Ubao ule ulikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Mwaka sabini na moja Bwana Gurdev alihama nchi, akamwachia fundi wake lile gari. Dorkas, mke wa Naftali, alikuwa amekwisha kufariki. Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo, tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa mwaka sabini na nne, watu wakibeba vitanda, kuku na milango ya nyumba zao za zamani, yeye alikuja na gari peke yake. Petroli hakuwa nayo. Lilivutwa na ng'ombe wanne.

Anastazia, mjane aliyekuwa kiongozi wa akina mama, alisimama njiani na mzigo wake kichwani.

"Fundi! Hiyo mahari inayovutwa na ng'ombe ni ya nani?"

"Ni yako, ukikubali."

"Ningekubali, lakini naona ng'ombe wamekwisha kuchoka kabla ya harusi!"

Njia nzima ilicheka. Tangu siku ile utani wao ukawa kama salamu ya kijiji. Naftali hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa Anastazia alikuwa na jibu, na niliona kwamba wakati mwingine alipita kisimani bila ndoo.

Mimi nilikuwa nesi katika hospitali ndogo ya misheni ambayo siku hizi haipo tena. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia daktari kulaza wagonjwa wa upasuaji. Naftali aliletwa akiwa amesagwa kidole cha shahada na jeki. Nilimwekea kinyago puani, daktari akakata pingili mbili. Alipozinduka hakuuliza kidole chake.

"Nesi, hii ndiyo ile gesi?"

"Gesi gani, mzee?"

Ndipo aliponisimulia habari za Nairobi. Akaniuliza kama inawaka. Nikamjibu nilivyofundishwa chuoni: yenyewe haiwaki, lakini moto ukiikuta hustawi. Akafumba macho, akatabasamu. Aliyemwona angesema dawa bado imo kichwani.

Baadaye mashine ya gesi iliharibika, vipuri havikupatikana, na mganga mpya aliyechukua nafasi ya daktari akawa anatumia etha na sindano. Mitungi ilibaki stoo. Naftali alinituma nimwombee mmoja. Mganga alisema, "Huo wa nusu achukue. Unanijazia stoo." Tuliupima kwenye mizani ya kijiji ya kupimia nta na asali, kwa sababu gesi ile hujulikana kwa uzito. Geji huonyesha namba ileile mpaka imekaribia kwisha.

Mwezi Aprili mwaka sabini na sita injini ya mashine ya kusaga ilikufa kabisa. Wanawake wakarudi kwenye mawe, na wenye nguvu wakabeba mtama mpaka Manyoni, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mwenyekiti wetu, Mzee Idrissa, aliitisha mkutano. Hakuzunguka.

"Fundi, gari lako lina injini. Kijiji hakina."

Naftali aliangalia mikono yake.

"Itatoka," alisema. "Ila nipeni nafasi nipande nalo mlima mara moja, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani. Baada ya hapo ni yenu."

Watu walinong'ona. Anastazia akasema kwa sauti, "Mwacheni aage. Hata ng'ombe wa kuchinjwa hupewa maji."

Ikakubaliwa hivyo. Mkanda wa mashine ulikuwa umeagizwa Dodoma, na siku ukifika, injini ingetoka. Mpaka hapo gari lilikuwa la Naftali.

Alianza kazi mwezi Julai, wakati wa ule upepo wa baridi unaopasua midomo. Mtungi aliulaza nyuma ya kiti, kichwa kikielekea chini, ili gesi itoke ikiwa maji. Bomba la shaba lilitoka kwenye friji bovu. Jeti mbili, vile vitundu vya kupimia mafuta, zilitoka kwenye stovu za kupampu, moja ya gesi na moja ya petroli ya kuongezea, kwa sababu gesi ikiingia bila petroli ya kutosha, moto unakuwa mkali na kula chuma. Valvu ilifunguliwa kwa waya wa breki ya baiskeli. Taimingi akairudisha nyuma kidogo, cheche isiwahi mno.

Kisha alijaribu. Alikwenda kwenye barabara iliyonyooka, akavuta waya kwa muda wa kuhesabu kumi, akazima, akafungua plagi na kuzisoma. Siku ya kwanza zilikuwa nyeusi: petroli imezidi. Akabadili jeti. Siku ya pili zilikuwa na weupe wa jivu: petroli imepungua. Akatikisa kichwa, akapanua tundu la petroli kwa sindano yangu ya kushonea. Siku ya tatu aliniletea plagi nne kiganjani, zote zina rangi ya mtama mwekundu uliokaangwa.

"Hapo," alisema. "Hapo usiguse tena."

Gesi iliyobaki ilitosha kupanda mara moja tu. Hakuthubutu kuijaribu tena. Petroli nayo haikupatikana mwezi wote wa Agosti, wala Septemba. Mkanda ulifika Alhamisi moja ya Oktoba, na petroli debe moja siku iliyofuata. Mzee Idrissa akamwambia, "Jumatatu, Fundi." Ikabaki Jumamosi.

Wasioujua mwezi wa Oktoba kwetu hawawezi kuelewa. Mvua haijaja, majani yamekwisha, na kuanzia saa nne hata mbuzi hawatoki kivulini. Tuliondoka mchana, yeye na mimi tu. Mimi ndiye niliyekuwa na saa yenye mshale wa sekunde. Alinipandisha taratibu mpaka juu ili nisimame ukingoni, mahali ninapoliona daraja. Angewasha taa, nami ningeanza kuhesabu.

Niliposhuka nilifungua mlango wa nyuma kuchukua khanga yangu, mkono ukagusa mtungi. Ulikuwa umepigwa na jua la kioo tangu tulipotoka kijijini. Nikauondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria.

Hospitalini mitungi tuliifunika magunia yenye maji. Nilijua kwamba ikipata joto, mgandamizo hupanda. Nguvu ya gesi aliyoipimia Julai kwenye baridi haikuwa tena ile iliyokuwa ndani ya mtungi. Tundu lilikuwa lilelile, lakini gesi ingetoka kwa nguvu kuliko petroli iliyowekwa kuifuata. Haya yote nayaeleza vizuri leo. Siku ile niliona tu kwamba ni moto, na nikamwangalia Naftali. Alikuwa anapiga mluzi wimbo wa kanisani, amevaa shati jeupe la Krismasi. Sijawahi kumwona hivyo, kabla wala baada ya hapo. Nikafunga mlango.

Saa kumi taa ziliwaka darajani.

Kwanza niliona vumbi, sauti ikafuata baadaye. Gari lilikuja vizuri, likipotea na kutokea kwenye kona, na kila lilipotokea lilikuwa karibu kuliko nilivyotegemea. Kisha akavuta waya. Sauti ilibadilika, ikawa nzito na kali kwa pamoja, na vumbi likaachwa nyuma kama kitu kilichokatwa. Nilijikuta nacheka peke yangu pale ukingoni.

Kona mbili kabla ya kufika, mlio ulianza kugonga, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe. Haukukoma. Ukaendelea kwa muda wa kusema Baba Yetu mpaka kwenye mkate. Halafu kitu kikapasuka, moshi wa bluu ukatoka, na gari likafika mbele yangu likipiga mara tatu na kuruka.

Alizima. Akafungua boneti bila kuniangalia, akatoa plagi ya silinda ya tatu. Ncha yake ilikuwa imeyeyuka, na juu yake kulikuwa na vishanga vidogo vya pistoni vinavyong'aa.

"Nilisikia ikigonga," alisema. "Ningeachia waya, ingepona."

"Kwa nini hukuachia?"

Aliifuta ile plagi kwa shati jeupe.

"Nilikuwa naendesha mimi."

 Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni na harufu ya chuma. Mwishowe akauliza, akiwa amenipa mgongo, "Muda?"

"Dakika sita na sekunde kumi na moja."

Mabega yake yalipanda, yakashuka.

"Usimwambie mtu, nesi. Usije ukasema kamwe."

Nilimwambia habari ya mtungi kuwa moto, na kwamba niliugusa nikanyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Masikio yalikuwa yangu," alijibu.

Jumatatu alisimama mkutanoni na pistoni mkononi. Ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Injini haikuchakaa. Nimeitoboa mwenyewe."

 Wanawake waliitazama ile pistoni ikipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Anastazia aliishika muda mrefu.

"Sasa, Fundi, ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Juu," alisema Naftali.

Mtu mmoja alicheka, akakuta anacheka peke yake, akaacha.

Pistoni ya gari lile haikupatikana Manyoni, Dodoma wala Tabora. Kwa wiki tatu alifanya kazi kuanzia alfajiri. Pistoni ya tatu hakuirudisha, wala kile chuma kinachoiunganisha na mhimili, akaziba tundu la oili lililobaki wazi kwa bamba lililofungwa na kubanwa, akaweka gasketi mbili kupunguza mgandamizo ili injini ikubali mafuta ya taa. Akaifunga juu ya magogo ya mninga. Ikawaka na silinda tatu. Ilisaga, ila polepole. Debe moja lilichukua muda wa madebe mawili, na foleni ilifika mpaka barabarani.

Hawakumfukuza wala kumtukana. Walileta mtama, walisema shikamoo kama inavyotakiwa, walichukua unga, wakaondoka. Utani ulikwisha. Anastazia aliweka ndoo yake kwenye mstari na kuangalia pembeni, na Naftali aliangalia mkanda. Jumapili nilipita kwake baada ya ibada. Alinipa kiti, yeye akakaa kwenye tairi la Pijo. Gari lenyewe lilibaki nyuma ya nyumba bila moyo, kuku wakitagia ndani. Siku za kazi nilimkuta ameketi kando ya injini, na kila lilipofika pengo aligonga benchi kwa kile kipande cha kidole kilichobaki. Sidhani alijua kwamba anafanya hivyo.

Miaka kumi ilikwenda hivyo.

Siku tuliyomzika, mashine ilizimwa. Jioni Anastazia alinikuta nje ya zahanati ya kijiji, ninakofanya kazi siku hizi, akakaa karibu nami, akajifunika khanga kwa sababu upepo wa Juni ulikuwa umeanza. Nikamwambia.

"Dakika sita na sekunde kumi na moja," alirudia. "Hizo ni nyingi au chache?"

"Chache. Yule Singasinga alikuwa na sita na nusu."

Aliikaza khanga mabegani.

"Na kwa nini hakusema?"

"Aliona aibu. Aliogopa mtaona anajisifu kwa kitu kilichowanyima unga."

"Mimi nilidhani ametuchukia," alisema Anastazia. "Kwa ajili ya injini. Miaka yote hii nasubiri aseme neno moja nimjibu, hasemi. Na mimi nikasema, basi, kama hataki."

Aliinuka, akaniaga, akaondoka taratibu.

Asubuhi nilipopita, mashine ilikuwa inasaga: tatu, ikaruka, tatu. Kwenye mlango, kwa mkaa, mtu aliyejifunza kuandika ukubwani alikuwa ameandika namba kubwa zilizopinda, 6 na 11, na jina hakuliweka. Wanawake wa kwenye foleni wanauliza maana yake. Anastazia huwaambia wakamwulize nesi.