Mama Zaina alinirudishia swali langu

Leo mama mumoja hapa Kasongo amekataa kujibu maswali yangu, na alikuwa na haki.

Munajua niko nafanya ankete, kuzunguka nikiuliza watu maswali, juu ya kazi na maisha ya wamama. Nimemukuta Mama Zaina anapepeta mupunga, nikamuuliza: "Kisha kuzaa, ulipumzika siku ngapi mbele ya kurudi kazini?"

Akaangalia blauzi yangu. Maziwa yalikuwa yameilowesha.

"Na weye, mwanangu, mutoto wako iko wapi?"

"Kwa dada yangu, mama."

"Iko na miezi ngapi?"

"Miwili."

Haya ilinishika. Nilirudi kazini mapema kwa sababu niliogopa nafasi yangu itapewa mwingine. (Sisi wenye kuuliza, hakuna mwenye kutuuliza!)

Akachukua kalamu mukononi mwangu.

"Nenda umunyonyeshe. Kesho uje naye, nitajibu yote."

Nikapanda pikipiki. Njiani nililia kidogo.

Nimemuandikia shefu wangu wa kazi kama kesho nitafanya kazi na mutoto mugongoni. Ameisha kusoma, hajajibu.

Tutaenda tu.

Wamama wenzangu, ninyi mulirudi kazini mutoto akiwa na miezi ngapi?