Kiganja Nyuma ya Lori

Nikisikia harufu ya samaki wakavu iliyochanganyika na dizeli, hata niwe nimebeba nini, lazima nisimame nitazame barabarani. Majirani zangu hapa Lodwar wananiambia siku moja nitagongwa kwa kushangaa malori. Waache wacheke. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Nawoitorong, pembezoni mwa Lodwar. Rafiki yangu alikuwa Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini, ambaye mama yake aliletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutibiwa Lodwar. Mchezo wetu ulikuwa kuwinda magari ya zamani. Aliyeliona gari kwanza ndiye mwenyewe, na alilipatia jina jinsi baba zetu, wake na wangu, walivyowapa ng'ombe majina: kwa rangi ya ngozi na pembe. Peugeot ya kijivu yenye mlango mweupe tuliiita Ubavu Mweupe. Lakini fahari ya zizi letu ilikuwa Pembe Moja, lori la Bedford la kahawia lenye pua ndefu, lililobakiwa na kioo kimoja tu cha pembeni. Mwenyewe hasa alikuwa Mzee Farah, Msomali mwembamba aliyepeleka samaki wa Kalokol, kule Ziwa Turkana, mpaka Kakuma, akipitia kwetu kwenda na kurudi.

Mama yake Nyandeng alipopona, wakarudi kambini. Nililia hadi nikashikwa na homa. Lakini tulikuwa tumepatana: kila safari, kila mmoja wetu angebandika kiganja chake kwenye vumbi la ubao wa nyuma wa Pembe Moja, ili mwenzake akikiona ajue hajasahaulika.

Safari ya kwanza lori lilirudi bila kiganja. Ya pili hivyo hivyo. Nilimnunia Nyandeng huyo asiyekuwepo, nikamwambia Mama kwamba amepata rafiki mwingine. Safari ya tatu nilijipa moyo nikamfuata Mzee Farah.

"Yule msichana mrefu?" akasema. "Anaweka mkono. Kila safari anaweka."

Nikamwonyesha ubao. Vumbi tupu. Akautazama, akakuna ndevu zake zenye hina, akaenda zake kunywa chai.

Safari iliyofuata kiganja kilikuwepo! Vidole vyote vitano, safi kabisa. Nilibandika changu kando yake, nikakimbia nyumbani nikipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. Tangu siku hiyo hakikukosa hata mara moja, hadi nilipopelekwa shule ya bweni. Jambo moja tu lilinishangaza: mkono wa Nyandeng ulikuwa mkubwa ajabu. Nilimwambia Mama kwamba huko Kakuma watu wanakula vizuri mno, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Miaka ikapita. Mwaka jana kazi ilinipeleka Kakuma, na safari hii kwa lami, hakuna cha vumbi. Nilimuulizia Nyandeng sokoni nikamkuta anauza vitambaa, mrefu kama mlingoti. Tulipomaliza kukumbatiana alinishika mkono, akaugeuza.

"Mbona mkono ni kidogo hivi? Mimi nilijua wewe uko na mkono kubwa!"

Tukapambanisha viganja vyetu pale pale juu ya vitambaa. Vililingana, vyembamba vyote viwili. Tulitazamana, kisha tukafunga biashara ya siku hiyo tukaenda kumtafuta Mzee Farah.

Tulimkuta pale pale Kakuma, nje ya duka la mwanawe. Nyuma ya duka, juu ya mawe, Pembe Moja lilikuwa limepumzika, na vijana wawili walikuwa wakipiga picha karibu na pua yake. Tulipomuuliza, alitabasamu kama mtu aliyeshikwa na kosa dogo.

"Nyinyi mnaweka, barabara inafuta," akasema. "Sasa mimi nikikaribia mji nasimamisha gari, naweka yangu. Kazi kidogo tu."

Utotoni niliamini kwamba mapenzi yetu ndiyo yaliyoshinda vumbi la barabara ile. Kumbe kulikuwa na mtu mzima aliyesimamisha mzigo wa samaki juani, akashuka, akazunguka hadi nyuma ya lori, kwa ajili ya watoto wawili wasio wake.

Akaninyooshea mkono tuagane. Niliutambua papo hapo.