Risasi za Shemeji na za Kiwandani

Nakumbuka Jumamosi ile kwenye uwanja wa shabaha, mwanangu, na hasira inanipanda upya. Nisikilize kwa Kiswahili, hata kama utanijibu kwa Kiingereza.

Nilikuwa nafanyia mazoezi mtihani wa bastola, maana mlinzi asiye na silaha hapa mtaani kwetu Jeppestown hupewa geti na baridi tu. Shemeji Didier, kaka mkubwa wa baba yako, akaniletea bastola yake na risasi alizojaza mwenyewe kwa mkono, nyumbani kwake Bellevue. Kwetu zawadi ya shemeji mkubwa hairudishwi.

“Za kiwandani ni kama yunifomu,” akasema. “Hizi nimezipima kwa bastola yangu, kama fundi na suti.”

Nikaanza na za kiwandani. Matundu yakatawanyika upana wa kiganja. Za shemeji zikaingia karibu tundu moja.

“Eish, kiwanda kifungwe,” shemeji akacheka.

Nikaendelea. Mara risasi moja ya shemeji ikalia pff, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Kidole kikarudi kufyatua.

Mama Zawadi, mwalimu wetu, mzee wa Bukavu, akanidaka mkono. “Weka chini. Hukusikia ule mlio?”

“Nimesikia. Lakini shemeji anasema zake ni bora.”

“Shemeji yako yuko ndani ya mtutu?”

Akaikagua bastola. Risasi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu, baruti haikutosha. Ningefyatua nyingine nyuma yake, bastola ingenipasukia mikononi.

“Ni moja tu, mama,” shemeji akanong'ona. “Siku ile nilikuwa najaza huku natazama mpira.”

“Na huyu dada ana kichwa cha akiba?”

Sikumsemesha shemeji hadi Krismasi. Lakini kusema kweli, mwanangu, bado nimechanganyikiwa. Karatasi ya shabaha ilisema zake ni bora. Mlio ukasema zinaua. Yote mawili kweli, kutoka mkono mmoja. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Risasi ni kinyume: zisipofanana, hazikufai.

Basi shika hili. Usiulize tu kitu kimetoka kiwandani au kwa ndugu. Uliza kama cha mwisho kilitengenezwa kwa umakini ule ule wa cha kwanza. Na mlio ukibadilika, simama, hata mkubwa akinuna. Uso ukimharibikia kwa kununa, atanunua mwingine.

Mungu akujalie uzeeke na vidole vyako vyote.