Mlingoti wa Saiprasi

Mashua yangu niliiunda mwenyewe kwa plaiwudi, uani kwetu Akheri, huku majirani wakipita na kuuliza kama gharika imekaribia. Nikaishusha Ziwa Duluti. Upepo wa kwanza ulioteremka kutoka Mlima Meru ulivunja mlingoti, na ulipoanguka ukavunja na foromali, ule mti wa kutandazia tanga.

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, hasa kosa likiwa langu. Sisi watu wa migomba tunajua nguzo moja tu, ya kuegemeza mgomba wenye mkungu mzito: mkaratusi mnene usiopinda. Basi kwa mlingoti nikachagua mnene kuliko yote, tena mbichi. Kumbe mlingoti lazima uinamie upepo kidogo. Wangu ulikataa kuinama.

"Kata saiprasi wangu," mke wangu akasema.

Mti huo ulikuwa kwao Nkoaranga, penye kona ya shamba. Marehemu baba yake aliupanda pamoja naye siku mke wangu alipopata kipaimara. Hakuna kingine alichomwachia kilicho chake peke yake. Nikakataa. Akaniambia nisijifanye nina huruma kuliko yeye.

Tukaenda kwa mama mkwe. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akatusikiliza hadi mwisho, akasema, "Mti ni wa aliyepandiwa. Mimi sina neno."

Tuliukata, tukaulaza chini ya paa kiangazi chote ukauke. Halafu nikaanza kupiga randa, nikiupunguza unene kuelekea kileleni, na kila utepe wa mbao ulioanguka ulinitia hofu, maana mbao ikishatoka hairudi. Kipande kilichobaki kilitosha foromali. Siku moja tuliulaza mlingoti juu ya magogo mawili, nikaukalia katikati. Ukabonyea. Nikainuka, nao ukanyooka kama vile sikuwahi kuugusa. Nikaukalia tena, kwa kutoamini tu. Maisha yangu yote nimekaa kati ya miti, na sikuwa najua kwamba mti unaweza kufanya hivyo.

Siku ya kuujaribu majini mke wangu alisema hatabaki ufukoni. Tulipofika katikati ya ziwa, upepo ukashuka mlimani kwa ghafla, tanga likajaa, mlingoti ukapinda kuliko nilivyowahi kuupinda mimi. Nikapiga kelele alegeze kamba ya tanga aliyoishika. Hakulegeza. Alisogea akaweka kiganja chake juu ya ule mti, na mashua ikakimbia kwa namna ambayo sikujua kazi ya mikono yangu inaweza kukimbia. Niliogopa, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Upepo ulipopungua, mlingoti ukajinyoosha taratibu. Yeye bado alikuwa ameushika.

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nami, mkwe mtu, sikujua nitazame wapi. Nikavua kofia.