Sale la Mama Chini ya Saa

Kuhamishwa kwa mnara wa saa wa sokoni kulimgharimu mama yangu kivuli, na kivuli hicho ndicho kilichotulipia ada. Aliuza ndizi chini yake. Pembeni mwa gunia lake alipanda sale, mmea ambao kwetu Uchagani ni mpaka, na mwenye akili zake haung'oi.

Juzi nililiona kwenye mzunguko wa barabara, chini ya saa ileile, bado liko hai ila limetiwa weusi na moshi wa magari.

Mchana ule mnara ulipohamishwa, nikiwa mtoto, palinuka saruji mbichi na ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Fundi, hilo sale ni langu," mama alisema. "Mpaka haung'olewi."

"Mama, mimi mtu wa Machame, utanifundisha sale?" Fundi akalichimbua na udongo wake wote, akalipakia kwenye lori pamoja na saa. "Nitalipanda kulekule. Hata soda sikudai."

Nilishangilia. Kwa akili ya kitoto, mpaka ukihama na nafasi yetu imehama. Kesho yake nikatandika gunia pale kwenye mzunguko, katikati ya honi. Mgambo alibeba gunia na ndizi zake. Mama hakunigombeza, na sokoni, bila mpaka wake, hakupata tena mahali.

Sasa amezeeka. Kila nikipanda nyumbani mlimani huniuliza kama sale lake liko hai. Nikisema limekufa, nitamvunja moyo. Nikisema liko hai, atafunga ndizi zake niteremke naye akauze pale kwenye mzunguko, na mgambo bado wapo. Wewe ungemjibuje?