Joto la Mawifi Wawili

Kiwandani walimwita Bibi Mvuke, ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupasha shayiri kwa mvuke kabla haijapelekwa kwenye mashine ya kuiponda. Joto likipungua, punje hubaki ngumu na kuvunjika. Likizidi, zinanuka moshi. Asubuhi vali, koki ya kufungulia mvuke, ilikuwa mikononi mwake. Mchana alipokewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi naye nyumba moja. Kila aliyeingia zamu alianza kwa kuirudisha vali pale anapopataka yeye. Hawakugombana. Hawakuwa wakisemeshana vya kutosha kugombana.

Kisha injinia akaja kufunga mtambo wa kuiendesha vali bila mkono wa mtu. Aliwakalisha wote wawili kwenye chumba cha kulia cha kiwanda.

"Mtambo huu hautaki ndiyo na hapana tu," alisema. "Unaelewa 'moto kiasi', 'unyevu kidogo'. Kwake shayiri inaweza kuwa kavu nusu na mbichi nusu. Nipeni kanuni zenu."

"Ikiwa na unyevu kidogo, fungua mvuke kiasi," alisema Bibi Mvuke.

"Kiasi cha nani?" wifi akauliza.

"Cha watu wenye akili timamu."

"Basi si chako, wifi."

Injinia aliandika, kasoro hayo ya mwisho. Akamtaka kila mmoja aonyeshe kwenye kipimajoto 'moto kiasi' unaanzia wapi na kuishia wapi. Walipishana, ila kuna mahali walikutana.

"Safi," alisema. "Mtambo utawasikiliza wote, kila mmoja kwa uzito wake."

"Nyumbani hilo halijawahi kutokea," alisema Bibi Mvuke.

Mtambo ulipowashwa, shayiri ilitoka laini, rangi moja, gunia baada ya gunia. Bibi Mvuke alitafuna punje moja taratibu. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Siku yake ikaharibika.

Meneja aliwahamishia wote wawili kwenye chumba cha kupima unyevu, zamu moja. Jioni wakajikuta wanarudi nyumbani pamoja.

"Ule mtambo umebeba akili yangu," alisema wifi.

"Yako kidogo. Nyingi ni yangu."

Walibishana hadi mlangoni, wakaendelea jikoni, mmoja akimenya vitunguu, mwingine akikatakata. Mume alisikia sauti zao, akatoka chumbani mbio.

"Kuna msiba?"

"Hakuna," dada yake akamjibu. "Lete sufuria."